Jamii Hainunuliwi kwa Tokeni

Wiki iliyopita nilijitoa kwenye kundi la mtandaoni la mradi wa sarafu za kidijitali niliokuwa nikiupenda kwa dhati. Lilikuwa na watu zaidi ya elfu arobaini. Tokeni za bure, yaani sarafu za mradi wenyewe, ziligawiwa Jumatatu. Kufika Ijumaa, mtu mmoja aliuliza mbona nodi yake, yaani kompyuta inayotunza nakala ya rekodi za mtandao, imekwama kwenye asilimia 62 ikipakua rekodi hizo, na swali likakaa siku mbili bila hata salamu.

Nikamjibu mimi. Tulihangaika karibu saa mbili hadi tukagundua kwamba diski imejaa. Akafuta mafaili ya zamani, akaiwasha upya, tukawa tunaiangalia ile namba inavyopanda: 63, 64, 71. Ilipotimia mia akaandika neno moja, "Imeshika!" Usiku ule jamii ya mradi ilikuwa sisi wawili. Wale wengine walikuwa kwenye foleni ya mgao tu, na mgao ulipoisha wakaondoka.

Siwalaumu. Waliitwa kwa pesa, wakaja kufuata pesa.

Najua nitaambiwa habari za Uniswap, soko la kubadilishana sarafu za kidijitali, iliyogawa tokeni 400 kwa kila anwani (akaunti) iliyokuwa imeitumia kabla ya Septemba 2020. Haya, nakubali, ule ulikuwa mgao wa haki. Lakini waliopewa walikuwa wameshaitumia bila kuahidiwa kitu. Ile ilikuwa shukrani. Walioiga baadaye walitangaza mapema, wakageuza shukrani kuwa chambo, na mtu mmoja akaja na pochi za kidijitali mia ili ahesabiwe kama watu mia.

Kinachomfunga mtu na teknolojia iliyogatuliwa, yaani isiyo na mtawala mmoja, ni kujua kwamba neno lake lina uzito, hasa neno "hapana". Kumbukeni Bitcoin mwaka 2017. Mwezi wa Mei kampuni zaidi ya 50, zikiwamo za wachimbaji, yaani wanaotumia kompyuta kutengeneza bloku (mafungu ya miamala), wenye sehemu kubwa ya nguvu ya kompyuta za mtandao, zilikubaliana New York kuongeza ukubwa wa bloku. Wakubwa walishaafikiana. Lakini watu wa kawaida, wenye nodi zao nyumbani, walikuwa wameshatangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Agosti nodi hizo zitakataa bloku zisizounga mkono SegWit, badiliko la kupanga upya data ili miamala mingi zaidi itoshee kwenye bloku. SegWit ikawashwa mwezi huohuo, na ule mpango wa kuongeza ukubwa ukasitishwa Novemba. Sisemi nodi ndizo zilizofanya kazi yote. Wachimbaji nao walikuwa na hesabu zao, na waliotaka bloku kubwa walikwenda kuanzisha sarafu yao, Bitcoin Cash. Hata hivyo, watu wale walikuwa na kitu cha kukataa nacho, na walijua namna ya kukitumia.

Sasa niambieni, kwenye miradi yetu mwanachama anakataa kwa kutumia nini? Kura inapigwa uamuzi ukiwa umeshatangazwa. Wenye tokeni nyingi, na hivyo kura nyingi, ni waanzilishi na wawekezaji. Maelekezo ya kuendesha nodi yaliandikwa matoleo matatu ya programu yaliyopita, na anayejitolea kuyarekebisha hasomwi. Mtu hawezi kulinda nyumba ambayo hajapewa ufunguo wake!

Kabla ya kuondoka niliwaandikia viongozi mara mbili. Niliomba mambo mawili: kura itangulie uamuzi, na maelekezo ya nodi yapitiwe na mtu anayeyasoma kwa mara ya kwanza. Sijajibiwa. Yule wa diski bado tunaandikiana. Ameanza kuyaandika upya maelekezo hayo mwenyewe, na jana alinitumia ukurasa wa kwanza niukague.