Sabuni ya uso isomwe mgongoni

Wengi wetu huchagua sabuni ya uso kwa kiambato kimoja kilichoandikwa mbele ya chupa kwa herufi kubwa: vitamini C, asidi ya hayaluroniki, mkaa, aloe vera. Kwa maoni yangu huko ndiko pesa nyingi zinakopotelea, na pengine ngozi nayo inaumia. Kinachoamua uso utabaki laini au utakakamaa baada ya kunawa ni kile kinachosafisha, na jina lake huandikwa nyuma, karibu kabisa na mwanzo wa orodha, mara nyingi baada tu ya maji.

Orodha hiyo ina utaratibu wake. Kilicho kingi kwa uzito hutangulia, na mpangilio huo huendelea hadi kwenye viambato vya asilimia 1. Vilivyo chini ya hapo mtengenezaji huvipanga apendavyo. Ndiyo maana dondoo la ule mmea uliochorwa mbele kwa rangi nzuri mara nyingi utalikuta mkiani, jirani na manukato na vihifadhi. Mimi hutafuta kwanza kihifadhi kiitwacho finoksiethanoli. Sheria ya Umoja wa Ulaya hairuhusu kizidi asilimia 1, kwa hiyo katika bidhaa inayofuata sheria hiyo, chochote kilichoandikwa baada yake nacho hakizidi hapo.

Sasa tuje kwenye usafi wenyewe. Maji peke yake hayaondoi mafuta ya ngozi, krimu ya jua wala vipodozi. Kisafishaji ni molekuli yenye upande mmoja unaopenda maji na mwingine unaopenda mafuta. Molekuli hizi zikiwa nyingi hujikusanya kuzunguka tone la mafuta, zikalibeba, na maji yakaliondoa. Kazi nzuri, ila hazichagui. Katikati ya chembe za tabaka la juu la ngozi kuna mafuta ya kinga, yaani seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta, yanayozuia maji ya mwilini yasipotee, na kisafishaji kikali huchota humo pia. Vilevile hushikamana na protini za ngozi na kuzivimbisha. Ule mkazo unaousikia usoni dakika chache baada ya kujifuta, ambao tumezoeshwa kuuita usafi, ni ngozi inayopoteza maji. Natamani kila msichana na mvulana anayeanza kupata chunusi aambiwe hili mapema, kabla hajaanza kuusugua uso mara nne kwa siku.

Kisafishaji cha zamani kuliko vyote ni sabuni halisi, ile inayopatikana mafuta yanapochanganywa na magadi makali. Kwenye lebo huonekana kama sodiamu palmeti, sodiamu taloweti au sodiamu kokoeti. Hitilafu yake iko kwenye pH, kipimo cha asidi ambacho kadiri kinavyopanda ndivyo asidi inavyopungua. Juu ya ngozi pH huwa takriban 4.5 hadi 5.5, yaani asidi kidogo, ilhali sabuni halisi hufika 9 au 10. Vimeng'enya vinavyojenga yale mafuta ya kinga vinahitaji hali ya asidi ili vifanye kazi. pH ikipanda, vinavyobomoa ndivyo vinavyochangamka. Ngozi yenye afya hurejea katika hali yake baada ya muda. Ngozi kavu, au yenye pumu ya ngozi, huchelewa, na kabla haijatulia inanawishwa tena. Wapo wenye ngozi ya mafuta wanaotumia mche wa sabuni miaka na miaka bila tatizo, na sioni sababu ya kuwabadilisha.

Kinachoniudhi ni sabuni iliyojificha. Zipo krimu za kunawia zenye povu zito ambazo haziitwi sabuni popote kwenye chupa. Ukisoma nyuma unakuta asidi ya miristiki, asidi ya steariki, kisha potasiamu haidroksaidi. Vitu hivyo vikikutana ndani ya chupa hufanya sabuni ileile, ya maji tu. Povu lake ni zuri mno, na mwenye ngozi kavu huinunua akidhani ukrimu wake ni ulaini.

Kuhusu salfeti, kundi la visafishaji ambalo wengi huliogopa kwa kukausha ngozi, hofu imezidi kidogo lakini haikuanzia hewani. Sodiamu laurili salfeti, SLS, ni kali kiasi kwamba watafiti wa ngozi huitumia kwa makusudi kuiwasha ngozi wanapotaka kupima kitu kinachotuliza. Ndugu yake, sodiamu laurethi salfeti, ni laini zaidi, na ikichanganywa na kisafishaji kingine, kokamidopropili betaini, hupoa zaidi, kwa sababu molekuli zilizokusanyika pamoja katika makundi makubwa hupenya ngozi kwa shida. Hapa ndipo maneno "haina salfeti" yanapopotosha. Baadhi ya bidhaa hizo hutumia olefini salfoneti, ambayo kwa jina si salfeti lakini nayo yaweza kukausha. Nyingine ni sabuni halisi, ambayo haijawahi kuwa na salfeti hata siku moja.

Kwa uso mkavu au unaowashwa upesi, mimi hutafuta visafishaji laini kama sodiamu kokoili isethioneti, sodiamu kokoili glutameti, au desili glukosidi, pamoja na glisarini iliyo juu katika orodha. Isethioneti ndiyo iliyowezesha miche ya kunawia isiyo sabuni kuenea tangu miaka ya 1950, na bado sijaona sababu ya kuidharau kwa umri wake. Hata hivyo laini haimaanishi salama kwa kila mtu. Chama cha Marekani kinachoshughulikia mzio wa ngozi kiliitangaza kokamidopropili betaini kuwa "kizio cha mwaka", yaani kisababishi cha mzio cha kuangaliwa, mwaka 2004, na mwaka 2017 kikazitaja glukosidi. Wanaodhurika ni wachache, ila mtu asidhani anajisingizia upele kwa sababu tu chupa imeandikwa "laini".

Maji ya misela, yale ya kufutia vipodozi kwa pamba, nayo ni visafishaji vilevile, vikiwa vichache. Kuambiwa usisuuze hakunipendezi, ninashauri kusuuza.

Vipi basi kuhusu vile viambato vya mbele? Sabuni ya uso hukaa usoni chini ya dakika moja, kisha huondoka na maji. Vitamini C haina muda wa kufanya kitu cha maana hapo; mahali pake ni kwenye seramu inayopakwa na kubaki usoni. Ninavyotetea ni viwili. Benzoili peroksaidi huua bakteria wa chunusi, na tofauti na antibiotiki, bakteria hao hawajulikani kuizoea. Hata ikiachwa usoni dakika chache na kusuuzwa inasaidia, ingawa itafifisha rangi ya taulo na foronya. Asidi ya salisiliki, ya asilimia 0.5 hadi 2, huyeyuka kwenye mafuta, hivyo hufika ndani ya kinyweleo kilichoziba. Hiyo nayo ingefaa zaidi ikibaki usoni, lakini kwa ngozi isiyostahimili dawa ya kubaki, sabuni yenye asidi hiyo ni njia ya upole ya kuanza. Usizianzishe zote mbili kwa pamoja.

Manukato ningeyaondoa kabisa. Hayasafishi, na jina moja, parfum, hufunika mchanganyiko wa kemikali nyingi. Manukato ya mimea nayo yana linalooli na limonini, ambazo zikikaa na hewa hugeuka vizio. Kihifadhi cha kuangalia ni methilisothiazolinoni: Ulaya imekipiga marufuku katika vipodozi vinavyobaki mwilini, na katika vya kusuuza imekiwekea kikomo cha asilimia 0.0015.

Kuna jambo moja ambalo nalisubiri kwa hamu kwenye chupa zote, nalo ni pH iandikwe waziwazi. Watengenezaji wanaipima kila wanapotengeneza. Kuificha hakumsaidii mnunuzi. Kwa sasa karatasi za kupimia pH zinatosha. Mimina sabuni kidogo, changanya na maji yaliyosafishwa kwa kukenekwa, chovya karatasi na ulinganishe rangi. Ikiwa kati ya 4.5 na 6, iko jirani na ngozi. Ikifika 9, umeshika sabuni halisi, hata kama neno hilo halipo popote kwenye lebo, na kama uso wako ni mkavu itumie kunawia mikono.