Mwacheni "Incarnadine" Abaki kwa Macbeth

Kwenye kundi letu moja la WhatsApp kuna ndugu, msomi kwelikweli, ambaye kila asubuhi hutupia "neno gumu la leo". Juzi lilikuwa "incarnadine". Maana yake, akasema, ni nyekundu kama damu. Kisha ushauri kwa vijana: litumieni kwenye usaili, mtawashangaza. Watashangaa, sina shaka.

Kwanza, neno hilo halikuanzia kwenye damu. Asili yake ni Kitaliano, na mzizi wake ni nyama: lilikuwa sifa ya rangi ya mwili, ule wekundu hafifu wa shavu la Mzungu. Aliyelichovya damuni ni Shakespeare, na papo hapo akaligeuza kitenzi.

Ni kwenye tamthilia yake ya Macbeth. Macbeth ametoka kumuua mfalme Duncan, mgeni wake, usingizini. Anaitazama mikono. Anauliza kama bahari yote ya Neptune, mungu wa bahari wa Warumi, itaisafisha damu hii. Anajijibu kwamba haiwezi. Mkono huu ndio utakaozitia bahari wekundu. Hapo ndipo yanapotoka madubwana mawili yenye mizizi ya Kilatini, "multitudinous" na "incarnadine", yakatanda mstari mzima kama bahari yenyewe. Mtu aliyepagawa anapanua kinywa. Halafu, na hapa ndipo ndugu yetu hakufika, mstari unaofuata ni vijineno vifupi ambavyo mchuuzi yeyote wa London angevielewa: kijani chote kigeuke chekundu. Basi! Shakespeare anatupa neno zito, na kabla halijapoa analifasiri palepale jukwaani. Wale waliolipa peni moja wakasimama uani hakuwaacha nyuma. (Chapa ya kwanza ya tamthilia hiyo, ya 1623, ina mkato kwenye mstari huo mfupi ambao wahariri wengi wa baadaye waliuhamisha, na hadi leo waigizaji hawakubaliani watue wapi.)

Mke wa Macbeth anaingia na kusema maji kidogo tu yatatutakasa. Maneno ya jikoni hayo. Na dhamiri inapomgeukia, kwenye tendo la tano, anatembea usingizini akilia kwamba marashi yote ya Arabuni hayatakinukisha vizuri kiganja chake kidogo. Hakuna neno la kufungulia kamusi pale, na mwili unakusisimka.

Haya, nakubali shingo upande: kuokota msamiati si dhambi. Mshairi Mwingereza Edward FitzGerald aliliokota hilihili mwaka 1859 kwenye Rubáiyát yake, tafsiri ya mashairi ya Kiajemi ya Omar Khayyam. Ndege anamlilia waridi anywe mvinyo, ili shavu lake la manjano liive wekundu. Amelitoa kwenye damu, amelirudisha shavuni lilikozaliwa. Huyo alijua anabeba nini na anakipeleka wapi. Kijana anayeomba kazi ya ukarani atalipeleka wapi? Ataandika kwamba wino wa ofisi umeisha, uliobaki ni incarnadine?

Kinachoniudhi hasa ni kwamba tunawafundisha kuona lugha ni mapambo ya kutishia watu, kisha tunalalamika hawasomi. Watasomaje, wakati tumewakatia neno moja tukaficha mauaji yote yaliyolizaa? Ndugu yangu, kesho tuma ukurasa mzima. Na ambao Kiingereza kinawapiga chenga, waelekeze kwenye Makbeth ya S. S. Mushi, tafsiri ya 1968. Barua za kazi waandike kwa maneno wanayoyajua.