Ruaha Mkuu: Mpunga, Umeme na Mto Unaokatika Kiangazi

Tangu mwaka 1993, Mto Ruaha Mkuu, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima, umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na viboko husongamana katika madimbwi ya tope. Takriban asilimia 70 ya maji baridi yanayochotwa duniani huenda kwenye kilimo, na katika bonde la Usangu, mkoani Mbeya, juu ya hifadhi hiyo, ambako maji ya mto humwagilia mpunga, maana ya takwimu hiyo huonekana kwa macho.

Wanaowalaumu wakulima na wafugaji wa bonde hilo wana hoja nzito. Maji ya Usangu hukusanyika katika ardhioevu ya Ihefu, kisha hutoka kwa kupita juu ya kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama, kwa hiyo kina kikishuka chini ya kizingiti hicho mto hukatika ingawa Ihefu yenyewe bado ina maji. Ndiyo sababu wafugaji walihamishwa mwaka 2006.

Hata hivyo, lawama kwamba wakulima hao ndio chanzo cha mgao wa umeme siikubali. Maji mengi yanayojaza Bwawa la Mtera, bwawa la umeme lililo chini zaidi kwenye mto huo, huingia wakati wa mvua. Mkulima anayechepusha maji mwezi Septemba hawezi kubebeshwa mgao wote wa umeme, bila kuulizwa maji ya bwawa yalifunguliwaje.

Kiini cha mgogoro, kwa maoni yangu, ni banio, yaani kizuizi cha mtoni kinachoelekeza maji kwenye mfereji wa shamba. Banio la zamani lilikuwa la miti, mawe na nyasi. Mafuriko yalilibomoa, na hata likiwa zima lilivuja, hivyo mto ukapata sehemu yake. Miradi ya kuboresha umwagiliaji ilileta zege na malango ya chuma, ikamwondolea mkulima adha ya kujenga upya kila msimu, na hilo si jambo dogo. Lakini zege haivuji. Kiangazi, maji yakiwa haba, banio moja laweza kuumeza mto mzima, na sehemu ya maji hayo huishia kwenye majaruba yaliyokwisha kuvunwa, yakapotelea juani. Kibali cha kutumia maji nacho hutaja lita kwa sekunde: kiasi ambacho ni kidogo mto ukifurika, Oktoba chaweza kuwa ndio mto wote.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imetanguliza matumizi ya nyumbani, kisha mazingira, kabla ya kilimo na umeme. Ikifuatwa, vibali vingegawa maji kwa uwiano wa yaliyomo mtoni, na mabanio yangefungwa baada ya mavuno. Ugumu ni kwamba mifereji hiyohiyo ndiyo inayovipatia vijiji vingi maji ya kupikia na kuoga, na mama mwenye ndoo kando ya mfereji hana kwingine pa kuchota. Kwa hiyo visima vichimbwe kwanza katika vijiji hivyo, ndipo malango yafungwe.