Kinubi na gitaa jukwaani: nani anamfunika nani?

Mwaka 1995 Máire Ní Chathasaigh, mpiga kinubi kutoka County Cork nchini Ireland, na Chris Newman, mpiga gitaa Mwingereza, walitoa albamu iitwayo Live in the Highlands, iliyorekodiwa mbele ya watu huko Scotland. Kiini chake ni kinubi, gitaa na hadhira. Albamu za namna hii ni chache, na kwa wapenzi wa muziki wa Kikelti, yaani muziki wa jadi wa Ireland, Scotland na majirani zao, huzua mabishano mawili ambayo mara nyingi huchanganywa yakawa moja. Kwanza, je, gitaa lina haki ya kukaa kando ya kinubi cha jadi? Pili, je, muziki mwororo kiasi hiki uachwe studio, au upelekwe jukwaani na kurekodiwa hukohuko? Mimi nazitetea albamu hizi, ila si kwa kila wimbo.

Wanaolipinga gitaa wana hoja ya kuheshimiwa. Kwa karne nyingi kinubi cha Ireland kilikuwa ala ya mtu mmoja mbele ya chifu au mwenye shamba kubwa. Mkono mmoja ulipiga wimbo, mwingine ukapiga besi. Nyuzi zilikuwa za waya, zikivutwa kwa kucha, na sauti yake ilidumu muda mrefu kiasi kwamba ustadi wa mpigaji ulipimwa pia kwa namna alivyozizima kwa vidole zile asizozitaka. Kinubi hicho ndicho nembo ya taifa la Ireland, kimo kwenye sarafu zake, na mwaka 2019 UNESCO iliuingiza upigaji wake katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Ala iliyojitosheleza hivyo, wanauliza, inamhitaji msindikizaji wa nini?

Wana hoja nyingine, na hii ndiyo inayonigusa zaidi. Nyimbo nyingi za zamani za Ireland haziko wazi kama ni za furaha au za huzuni. Wimbo huelea katikati, na uzuri wake umo humo. Kinubi kinaweza kuuacha uelee. Mpiga gitaa akishapiga sauti tatu nne kwa pamoja chini yake, ameshaamua kwa niaba ya msikilizaji. Nimesikia rekodi nyingi ambamo wimbo wenye maswali uligeuzwa kuwa wimbo wa kubembeleza watoto kwa sababu tu ya gitaa lililokuwa na haraka ya kutoa majibu.

Hata hivyo, historia haiwapi wapinzani ushindi wanaoudhani. Julai 1792 wapiga vinubi kumi wa Ireland, wengi wao vipofu, walikusanyika Belfast ili muziki wao uandikwe usipotee. Aliyepewa kazi ya kuandika alikuwa Edward Bunting, mpiga kinanda wa kanisani mwenye umri wa miaka 19. Kati ya wote waliofika, ni Denis Hempson peke yake, mzee aliyekaribia miaka mia, aliyekuwa bado akipiga kwa kucha kwa mtindo wa kale. Bunting alipochapisha nyimbo hizo alizipangia piano. Kwa hiyo kilichotufikia kwa uhakika ni wimbo wenyewe. Besi na sauti za kuambatana nazo kwa sehemu kubwa zilikwenda kaburini na wazee wale.

Chukua nyimbo za Turlough O'Carolan (1670–1738), aliyepofushwa na ndui akiwa kijana na kuacha nyimbo zipatazo 200. Nyingi zimebaki kama mstari mmoja tu wa sauti. Tena O'Carolan mwenyewe alivutiwa na watunzi wa Italia wa zama zake, na alama zao zinasikika katika kazi yake. Mtu anayedai kujua usindikizaji ulio halali kwa nyimbo hizo anabahatisha, awe ameshika kinubi au gitaa.

Kuna jambo jingine linalosahaulika sana. Muziki wa dansi za Ireland, zile rili na jigi zinazokimbia, haukuwa mali ya kinubi. Ulikuwa wa fidla, filimbi na zumari za mfuko. Ni Ní Chathasaigh, kuanzia miaka ya 1970, aliyebuni mbinu za vidole zilizowezesha kinubi kutoa mapambo ya haraka ambayo muziki huo unayadai, na albamu yake ya mwaka 1985, The New-Strung Harp, ndiyo ya kwanza ya kinubi kujikita katika dansi hizo. Kwa maneno mengine, kile ambacho msikilizaji wa mbali hukiona kama sauti ya kale kabisa, kinubi kikipiga rili, si cha kale kuliko gitaa katika muziki wa Ireland. Kumkataa Newman kwa jina la jadi huku unampigia makofi mwenzake kwa rili ni kujipinga.

Baada ya hapo swali linakuwa la kiufundi, na hapa ndipo jukwaa linapoingia. Kinubi na gitaa zote ni ala za kudonoa. Sauti huzaliwa kwa mdono mmoja kisha hufifia. Hakuna pumzi wala upinde wa kuivuta. Fidla mbili zikipishana kidogo, sauti zao huyeyukiana na sikio husamehe. Nyuzi mbili za kudonolewa zikipishana hata chembe, sikio husikia midono miwili. Ongeza kwamba uzi mnene wa gitaa la kawaida una mtetemo wa takriban hezi 82 (yaani mitetemo 82 kwa sekunde), na kinubi cha nyuzi 34 hushuka mpaka karibu hezi 65. Wote wawili wanaishi ghorofa ya chini, na wasipogawana vyumba besi inakuwa tope.

Studio huficha matatizo haya. Unarekodi kinubi leo, gitaa kesho, unarudia sehemu iliyoteleza, kisha unamimina mwangwi juu ya vyote. Mwangwi huo ndio uliokipeleka kinubi kwenye kumbi za hoteli na vyumba vya kukandwa mwili, kikawa sauti ya usingizi. Jukwaani kipaza sauti cha kinubi kinanasa na gitaa pia, kwa hiyo kosa la mmoja haliwezi kufutwa bila kumgusa mwenzake. Unachosikia ndicho kilichotokea. Unasikia vidole vikifanya kazi, na kazi hiyo ni ngumu: kupandisha sauti kwa nusu toni kwenye kinubi hiki lazima mkono uache nyuzi na kugusa wenzo mdogo shingoni mwake, na katika pengo hilo mpiga gitaa makini hushika besi kabla hujajua imeachwa. Newman hupiga nyuzi za chuma kwa kipande cha kudonolea, hivyo sauti yake ni kavu na kali, mbali na ule mviringo wa kinubi. Ndiyo maana hata wanapokimbizana kwenye wimbo mmoja unaweza kuwatenganisha. Anayeujua muziki wa dansi wa kwetu, ambako gitaa la solo na la rithim huachiana nafasi, ataelewa mara moja kinachofanyika.

Lakini jukwaa nalo lina bei. Hadhira huchangamkia kasi, na wasanii, wakiwa binadamu, hulipa kwa kasi zaidi. Rili huanza haraka na kumalizika haraka zaidi. Gitaa likipitishwa moja kwa moja kwenye mitambo ya ukumbi hupoteza mwili wake na kubaki na mlio mwembamba. Joto la taa hulegeza nyuzi za kinubi, na ni nyingi. Na makofi yanayokusisimua mara ya kwanza, mara ya kumi nyumbani yanakera.

Anayeumia zaidi ni wimbo wa taratibu. Huo unahitaji kimya ambacho ukumbi hauwezi kukihakikisha, na unahitaji kinubi kiachwe na mwangwi wake hadi uishe. Ndipo ninapokubaliana na wapinzani: kwa rili, jigi na nyimbo za O'Carolan zenye harufu ya Italia, naichagua rekodi ya jukwaani yenye gitaa kuliko studio yoyote, lakini kwa nyimbo za maombolezo namwomba mpiga gitaa aweke ala yake chini. Hilo si gumu, kwani kwenye maonyesho ya wawili kila mmoja hupewa nafasi yake peke yake. Watayarishaji wa albamu za namna hii wasizikate nafasi hizo ili kuongeza rili moja zaidi, na makofi yafuatayo wimbo wa taratibu wayapunguze mpaka uzi wa mwisho unyamaze wenyewe.