Barabara Ipite, Ila Isipite Kwangu

Jamani, choo changu kimemkosea nani? Leo asubuhi natoka na ndoo yangu, taulo begani, mtu mzima mwenye heshima zake, nakuta mshale mwekundu umechorwa ukutani. Eti barabara ya mtaa itapita hapo. Kwa hiyo mimi nikichuchumaa bajaji zinisubiri?

Hii yote imeletwa na kile kikao cha urasimishaji, yaani kuja kutupima na kutupanga sisi tuliokwisha jenga kiholela. Vikao vyetu mnavijua, saa nne maana yake saa sita, viti vya kuazima msibani. Kaja kijana wa mipango miji, mpole kweli, katandaza mchoro mezani kaubana na chupa za soda upepo usiuchukue, akaanza kutuelewesha kwamba mji huu unatawanyika mno, tunatakiwa tukae kwa kubanana, halafu pumzi hajashusha akasema huku kwetu tumebanana kupita kiasi, kwa hiyo kila mtu amege kidogo ipatikane njia ya gari la zimamoto na la kunyonya majitaka.

Watu makofi! Barabara nani haitaki. Akasimama mzee wa pale kona, kakohoa kidogo, akasema, "Mwanangu, hii barabara mimi naililia tangu enzi za Mwalimu. Ipitishe kwa Mama Salma."

Mama Salma kajifunga kanga upya. "Kwangu haipiti. Kwangu pana kaburi."

"La nani, mama?"

"La marehemu mume wangu."

Na marehemu mwenyewe kakaa pale nyuma, soda mkononi, hata kushtuka hajashtuka. Kuanzia hapo basi, mtaa mzima makaburi. Huyu kazika babu, yule kazika pacha, mmoja akaapa kwake kalala sharifu haguswi. Kijana anaandika tu jasho linamtoka. Mimi nilinyamaza, ila moyoni nilishaanza kupitia ukoo kuangalia nani anafaa kuzikwa pale nyuma ya jiko. Mwishowe mmoja kauliza fidia, akajibiwa hamna, hii ni kujitolea wenyewe kwa maendeleo yenu. Hapo hata wale wa makofi wakawa wanaangalia simu.

Basi nikanyoosha mkono kwa adabu zote nikasema, mheshimiwa, kama ni kubanana si twende juu? Akasema ruksa, ila kibali cha ghorofa kinataka uache nafasi pembeni. Nafasi! Bati langu na la jirani yameshikana, mvua ikinyesha maji ya kwake yanashukia kwenye sufuria langu. Nafasi waliziacha wakoloni kule Oysterbay, wakajipimia viwanja vya kukimbizia farasi, Wahindi wakapimiwa vya kati, sisi tukasukumiwa Kariakoo chumba hiki ukoo ule. Leo sensa ya 2022 inasema Dar tuko watu 5,383,728, na naapa nusu yao wanapita uchochoro wetu kwenda stendi, ila wa kumegwa ni mimi.

Na huko juu kwenyewe ndo usiseme. Kariakoo walienda juu, Novemba 2024 ghorofa likashuka na watu ndani, hapo mimi sicheki kabisa. Watu wa Magomeni Kota walibomolewa, kaya 644, wakahangaika na kodi za kupanga miaka na miaka mpaka 2022 ndo wakakabidhiwa majengo mapya. Angalau wao walikabidhiwa. Sisi mkituchanganya hivi, mchoro wenu unasema tubanane, kibali chenu kinasema tuachane, mnataka tulale zamu? Mpango wa mji si ulitakiwa uje kabla hatujajenga, au ulikuwa foleni Ubungo? Tumejenga watu wanatuona, luku tumefungiwa, kodi ya jengo tunalipa, leo ndo mnakuja na rangi!

Halafu zile soda za kubania mchoro, nasikia zimeingizwa kwenye mchango wa mtaa, elfu tatu kila nyumba. Mimi ya kwangu nilikunywa nusu, iliyobaki kaimaliza mtoto wa mjumbe. Nitatoa elfu moja mia tano, anayetaka zaidi akamdai marehemu wa Mama Salma, yule alikunywa mbili.