Chanjo ya gripe: wazee wetu kwanza

Mwandishi mmoja ameuliza kama mtu wa Bukavu ana haja ya kuchanjwa gripe, yaani homa ya mafua (influenza). Mimi nasema: inategemea ni nani. Kijana mwenye afya mara nyingi ataugua wiki moja, atapona. Lakini baba mwenye kisukari, mzee mwenye pumu, mama mwenye mimba, hao gripe inaweza kuwashukia mapafuni. Tangawizi na mvuke wa mikaratusi vinatuliza, sivikatai, ila havizuii virusi.

Wale wanaosema "nilichanjwa, nikaugua palepale", nao wasikilize haya. Chanjo ya sindano ina virusi vilivyouawa, haiwezi kukupa gripe. Kinga inachukua kama wiki 2 kujengeka. Katikati hapo unaweza kushikwa, na mafua ya virusi vingine chanjo hii haiyagusi kabisa. Hata baadaye hailindi kila mtu, lakini inapunguza hatari ya kuzidiwa.

Kinachonisumbua mimi ni friji. Chanjo hii inatunzwa kati ya digrii 2 na 8, na ikiganda imeharibika. Na umeme wetu mnaujua, kuanzia Kadutu hadi Panzi! Ukienda kuinunua, muulize muuzaji bila haya: umeme ukikatika usiku, mnafanya nini? Uliza pia ni ya msimu gani, maana OMS (Shirika la Afya Duniani) hupendekeza aina za virusi upya mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba. Ya msimu uliopita usiikubali. Baba yangu ana kisukari, nami nimeamua achanjwe, mradi nimeiona hiyo friji kwa macho yangu.