Hukumu ya kifo: nani atamjibu yule mama wa Bahi?

Juzi nilikaa kwenye mkutano wa watu wa haki za binadamu, kijiji kimoja huko Bahi, mkoani Dodoma, chini ya mbuyu, wanaelimisha wananchi kwamba adhabu ya kifo ifutwe. Mambo yalikuwa yanaenda vizuri tu mpaka akasimama mama mmoja, mumewe alikatwa mapanga kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba, akauliza, "Wanangu, mnasema haki ya kuishi, mume wangu yeye hakuwa nayo?" Kimya. Kijana mwezeshaji akafungua makaratasi akaanza kusoma ibara ya 14 ya Katiba, mama akakaa chini akajifunika khanga.

Mimi nataka ifutwe, niseme wazi. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu hakimwachii jaji nafasi yoyote, ukitiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia ni kunyongwa tu, uwe jambazi wa miaka mingi au mwanamke aliyechoka kupigwa, wote kamba moja, na ndo maana mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha ilisema huo ulazima unavunja haki ya kuishi. Afu hata kunyonga kwenyewe hatunyongi tangu 1994, hayati Magufuli alisema hadharani 2017 kwamba anaogopa kusaini hati za kunyonga, kwa hiyo watu wanakaa gerezani miaka na miaka wakisikiliza kila mlango unaofunguliwa. Na ikija kugundulika ushahidi ulikuwa wa uongo, aliyenyongwa harudi.

Lakini hofu ya upande wa pili sio ujinga jamani. Muuaji akiachiwa anarudi kijiji kilekile, anateka maji kisima kimoja na watoto wa marehemu. Na watu wakiona sheria imelegea wanajichukulia wenyewe, mawe na tairi, hilo tunalijua.

Kingine, huu mjadala wa adhabu ya kifo una historia hapahapa Dodoma. 1994 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu alisema adhabu hii inavunja Katiba, kwenye kesi ya mauaji ya mshtakiwa aitwaye Mbushuu, mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikakubali kabisa kwamba ni ya kikatili na inadhalilisha utu ila ikaiacha, ikasema kama inahitajika kulinda uhai ni jamii ndo inaamua. Sasa jamii ni nani kama sio yule mama? Ndo maana mimi naona kampeni za vijijini zina uzito kuliko semina za hotelini, ila zianze na mfiwa, zimwambie kifungo cha maisha maana yake nini, nani atamlinda, na huo mpaka wa shamba nani atakuja kuupima.

Mkutano ulipoisha alinifuata mimi, kaniona na daftari, akaniuliza kesi ya mume wake imefikia wapi. Nikamwambia sijui mama.